Visu Vilivyozama Chooni

Nyie mna nini na visu vya mtaa wa Nyamisangura? Kila nikikaa nipepete ulezi wangu, "bibi, simulia." Haya. Atakayecheka kabla ya wakati ataupepeta yeye.

Ilikuwa miaka ile Kenya imewaka moto, na serikali ya upande huu wa Sirari ikaogopa hata mundu. Barazani likasomwa katazo la visu. Kesho yake asubuhi Nyangwine alikuwa kwenye benchi la Abdurahmani muuza kahawa, kikombe kimepoa mkononi. Siku inayofuata anamwoza mwanawe, fahali kafungwa uani, na kisu alichoachiwa na baba yake kiko chini ya choo cha shimo pamoja na visu vya mtaa mzima. Aliyewashauri ni Hezekia, waliyemwita Sheria kwa kuwa hakuna asilolijua. Kisu ndani ya nyumba ni jela, alisema, na chooni askari hachungulii.

Tomaso Bama, aliyerudi na buti moja kutoka vita vya Burma, akamtuliza:

— Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mzee mwenzangu.

— Koleo halikuzama kwenye mavi, akajibu Nyangwine.

Bama akaeleza kuwa serikali ikikunyang'anya kisu, kinachofuata ni kukupa bunduki na kukupakia melini. Abdurahmani, huku akimimina, akasema la, visu vinayeyushwa ili itengenezwe reli ya kwenda Musoma. Sheria akawahurumia wote wawili. Ipo ndege, alisema, ina kioo kinachoona chuma hata ndani ya nyasi za paa. Nyangwine akatazama juu. Hakuona kitu ila mwewe.

Ghafla Sheria akajitupa nyuma ya gunia la chumvi. Mama mkwe wake, Efrazia, alikuwa anakuja na kapu lake, na kwetu mwanamume na mama mkwe hawatazamani. Akitokea huku, wewe potelea kule.

Efrazia akaitikia salamu zao, akauliza jambo moja tu:

— Na huyo fahali wa kesho mtamchuna kwa kucha?

Benchi zima likatazama kahawa.

Akatoa kisu kapuni, akamenya muwa. Barazani alikuwepo, akasema, wakati wao wanagombea kivuli. Kilichokatazwa ni kuingia na kisu mnadani, basi.

— Hiki nitamwazima Nyangwine. Ila aje kukiomba aliyewatuma chooni. Anitazame.

Nyangwine akaweka kikombe chini. Alisogeza gunia.

Harusi ilifana, nyama ikabaki. Kumtazama mama mkwe ni aibu inayofutwa kwa mbuzi, na Sheria alimtoa yule jike mnono wa zizi lake bila kubisha. Malipo yaliyomchosha ni yale aliyodaiwa na Nyangwine. Sheria alikiopoa chooni mwenyewe kile kisu cha urithi, akakisugua kwa mchanga na majivu, na kila jioni alikipeleka pale benchini, Nyangwine akakinusa, akamrudishia.