Jani la Jumamosi

Katika basi lililokuwa likifuata mto, kiti cha mbele yangu, mwalimu wa shule ya msingi alikuwa amepakata mabuti ya mpira yenye matope. Fundi cherehani aliyeketi kando yake akamwuliza, "Ni wewe unayewapeleka watoto mtoni Jumamosi?" Mwalimu akaitikia. "Binti yangu ananisumbua aje. Haji. Kaka yake alizama pale maji yalipotulia."

Nikajifanya nimelala, kama tufanyavyo sisi wasikiliza ya watu.

"Pole sana, kaka," mwalimu akasema taratibu. "Sisi huanzia hapo hapo. Kila mtoto hutupa jani, aone linavyovutwa chini na mkondo uliojificha."

"Sitaki auone huo mto kabisa."

"Na siku akienda peke yake?"

Basi likasimama darajani, mwalimu akainuka. Fundi, aliyeupa mto kisogo safari nzima, akauliza bila kugeuka, "Hilo jani, huwa linaibuka?"