Loretta Yupi Anayekohoa?

Benchi la mbele ya duka la chambo la Hollis, huku kwetu Cutter Cove, Maine, lina wenyewe. Kushoto hukaa Mkato, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hapiti tangazo bila kutoa kalamu na kulitia alama ya mkato. Kulia hukaa Redio, ambaye hazimwi. Katikati ni Delmont, na asubuhi hiyo ya Jumatano donati yake ilikuwa haijaguswa. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye mwandiko wa Hollis, kwa Kiingereza: "Nimefunga. Nimempeleka Loretta Rockland. Amekohoa tangu Jumatatu, jana akaishiwa nguvu. Kesho wanamfungua waone ndani." Sasa, Loretta ni mke wa Hollis. Loretta pia ni boti ya Hollis. Kiingereza kina "it" yake ya vitu visivyo na roho, lakini thubutu kuiita boti hivyo mbele ya wavuvi wa kambakoche, watakunyima salamu. Boti ni "she", sawasawa na mwanamke, na mume mwenye adabu huipa jina la mkewe.

— Ni boti hiyo, alisema Redio. Injini inakohoa. Mtu hafunguliwi, anapasuliwa.

— Kiingereza cha Hollis hufungua vyote, alijibu Mkato. Hata kopo la maharagwe.

— Basi mke, alisema Delmont. Loretta mke alikuwa mdogo wake wa damu. Hawakuwa wamesemezana tangu walipomzika mama yao, miaka minne nyuma, kwa kugombea nani arithi saa yake ya ukutani. Kama ni boti, angekula donati yake kwa amani. Kama ni mke, ilimbidi aende, na hakujua angeingiaje mlangoni.

— Tulieni, tufuate sarufi, alisema Mkato, akimimina kahawa kutoka chupani. Kiwakilishi hakiishi peke yake. Kila kiwakilishi kina nomino inayokibeba, na ni ile iliyo karibu zaidi nyuma yake.

— Haya, "amekohoa". Nomino ya karibu nyuma yake ni ipi? aliuliza Redio.

Mkato aliinuka, akaisogelea karatasi, akaisoma kwa kidole.

— Rockland.

— Mji mzima unakohoa?

— Kisarufi, ndiyo.

— Na kesho wanaufungua waone ndani! Redio alijipiga paja. Mimi nilisema siku nyingi, chini ya ule mji kuna kitu.

— Acheni mchezo, alisema Delmont. Boti haipo nangani. Si ushahidi huo?

— Ushahidi wa nini? alisema Mkato. Gari la Hollis halina gurudumu tangu wiki jana. Popote aendapo anaenda kwa boti. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi kitu.

— Kutokuwepo kwa nani? aliuliza Delmont.

— Kwa boti!

— Umesema "kwake". Nimedhani Hollis.

— Hata Hollis hayupo, alisema Redio. Sikilizeni. Mke amechoshwa na harufu ya chambo, amekimbia. Hollis kwa aibu akaandika kama boti imeharibika. Aliyeishiwa nguvu ni Hollis mwenyewe.

— Hollis ni mwanamume, alisema Mkato. Angeandika "he".

— Mtu mwenye aibu atakumbuka hayo?

Mkato alifikiri, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu akakosa mahali pa kutia mkato. Alisema labda wamekohoa wote wawili, mke ndani ya boti. Redio akasema basi wangeandikwa kwa wingi. Delmont aliwatazama kwa zamu, kichwa kikimzunguka, akiona kila maelezo yanamwongezea giza.

Hapo akafika Yesenia, mleta barua mpya, wiki yake ya kwanza pale. Aliisoma karatasi, akatazama nyuso zao.

— Kuna mgonjwa, wazee?

— Mgonjwa au boti, ndiyo tunatafuta, alisema Redio. Loretta ni dada wa huyu bwana.

— Hana simu?

— Anayo. Tatizo, binti, ni kiwakilishi, alisema Mkato. Ikiwa ni mke, Delmont anapaswa kumtafuta leo hii.

— Na ikiwa ni boti? Yesenia alimgeukia Delmont. Ikiwa ni boti, hutampigia?

Redio alizimika. Delmont aliona haya, kwa sababu asubuhi nzima alikuwa akiomba iwe boti. Alitoa simu mfukoni. Namba aliifuta siku ile ile ya mazishi.

— Mkato, nipe namba yake.

— Ya nani?

— Ya dada yangu.