Magazini Mbili za Mama Mitindo

Marehemu, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mitindo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa karani wa posta na mkunga, akasoma shule ya msingi tangu 1968 hadi 1974, kisha chuo cha ushonaji, ambako mwalimu wake alisema mkono wa binti huyu haukosei ila mdomo haujui kunyamaza.

Mwaka 1983 alifungua kibanda nyuma ya stendi, na tarehe 4 Juni 1985 akafunga ndoa na fundi saa, aliyeleta suruali ipunguzwe, akairudisha kila wiki mpaka ikawa kaptula, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja 1987, wa pili 1990.

Tarehe 12 Agosti 2016 alimwandikia dada yake kwenye simu kwamba zile magazini mbili amezificha chini ya vitambaa, asimwonyeshe mtu, maana mafundi wenzake walikuwa wakimwibia mishono. Polisi walikuwa wakikagua simu za watu, na karani wao aliyetafsiri ujumbe huo kwa Kiingereza akaongeza neno "risasi" kutoka kichwani mwake, zikawa magazini za bunduki, basi askari wakaja, wakachana magauni sita ya harusi, wakayaona majarida ya mitindo kwa macho yao, na bado wakamchukua, kwa kuwa karatasi ilishasema silaha.

Alikaa rumande miaka miwili na miezi mitatu. Humo aliazima kamusi, akagundua kwamba neno magazini, kabla Waingereza hawajalitia risasi, lilitoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya maghala, na kwamba shina lake ndilo lililotupa sisi neno hazina. Siku ya hukumu alimwambia hakimu kwamba ghala halina kosa, aliyeweka risasi atakuta risasi, yeye aliweka magauni. Aliachiwa tarehe 20 Novemba 2018, bila hata pole, akiwa na kifua kikuu kilichommaliza tarehe 2 Februari mwaka uliofuata.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumwuguza, na mafundi wenzake, hata wale wezi wa mishono. Karani yule, ambaye sasa amepanda cheo, haimshukuru, na walioomba jambo hili lisisemwe mbele ya jeneza wamesikia jibu.

Majarida yale yamerudishwa juzi, yakiwa bado yamebandikwa karatasi iliyoandikwa "silaha". Wanawe wameibandua, wakamwekea majarida yake kifuani. Pumzika kwa amani, hazina yetu.