Mama Annick wa La Rochelle, Aliyewapa Mahabusu Anwani Yake

Kwa niaba ya familia, mimi Révérien, mdogo wake, nawasomea maisha ya dada yetu Gaudence Nizigiyimana, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Annick.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1969 huko Rumonge, Burundi, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha vita vya mwaka 1993 vikatukimbiza hadi Kigoma, Tanzania, ambako alijifunza ushonaji kambini. Mwaka 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu Firmin, wakajaliwa mtoto mmoja, Annick, na mwaka 2004 wakafika Johannesburg, yeye akishona nguo Yeoville, mumewe akilinda duka la vifaa vya umeme.

Mwezi Juni 2009 duka hilo lilivunjwa, shemeji akakamatwa pamoja na walinzi wenzake. Alipoomba dhamana, hakimu aliagiza kwanza polisi wathibitishe anakoishi, maana mshtakiwa asiyejulikana anakolala huhesabiwa kuwa atatoroka kabla ya kesi kusikilizwa. Walikuwa wamepanga chumba Joubert Park, kwenye fleti ya watu wengi wasio na vibali, na polisi walipogonga, dada akiwa kazini, waliokuwemo wakaogopa, wakajibu kwamba jina hilo hawalijui. Dhamana ikakataliwa. Dada alikwenda mahakamani kueleza, akaambiwa asubiri tarehe nyingine, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na tarehe 11 Machi 2010 shemeji akafia rumande kwa kifua kikuu, bila shahidi hata mmoja kusikilizwa, hakupatikana na hatia wala hakuachiwa huru.

Baada ya msiba huo marehemu alipanga nyumba ndogo mtaa wa La Rochelle, hapo hapo Johannesburg, na siku asizoshona alikwenda mahakamani, akiwaambia ndugu za waliokamatwa, wawe Warundi, Wakongo au Watanzania, "Andikisheni kwangu." Polisi wakija kuuliza, alifungua mlango mwenyewe, akawaonyesha godoro, akasema, "Atalala hapa, na siku ya kesi nitamleta mimi."

Si wote waliomtendea haki. Mwaka 2012 kijana mmoja, Burhani, aliyepewa dhamana kwa anwani yake, alitoroka, polisi wakavunja mlango wakimsaka, Annick akaumizwa bega, nami nikamwambia, "Eish, dada, inatosha, iko siku utaletewa maiti hapa." Akanijibu akiendelea kushona, "Maiti nilishaletewa, Révérien." Wiki iliyofuata alikuwa mahakamani tena.

Oktoba 2013 aligundulika kuwa na saratani ya kizazi, akatibiwa, akapata nafuu kidogo, kisha akazidiwa, na alfajiri ya tarehe 19 Juni 2014 akafariki mikononi mwa Annick.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa La Rochelle, mafundi wenzake wa Yeoville, na Mama Jeannine aliyemwogesha hadi siku ya mwisho.

Mwadini, aliyetoka rumande kwa anwani ya marehemu, yuko hapa nasi, na kesi yake ni Alhamisi. Mwenye nyumba anataka vyumba vyake mwisho wa mwezi. Annick ameniomba niseme mbele yenu kwamba Alhamisi atakwenda naye, na hakimu akiuliza atasema ukweli, kwamba mama amefariki na kwamba hatujui Mwadini atalala wapi. Yeyote kati yenu mwenye chumba cha kumpokea, tunamwomba atuone kabla hajaondoka makaburini.

Dada, umechoka. Lala salama.