Barua za Okech wa Uholanzi

Miaka ile dhahabu ilipowatoa watu akili, kijiwe cha kahawa cha mtaa wa Nyamisangura hakikukosa mwenye jibu la kila kitu. Mzee Heche alikuwepo, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Maduhu alikuwepo, Msukuma wa Maswa aliyeifuata dhahabu machimboni Nyakunguru akaambulia jina tu la Karai, chombo cha kuoshea mchanga. Na Okech alikuwepo, wiki ya pili tangu arudi kutoka Uholanzi alikokaa miaka sita. Mama yake walikuwa wamemzika mwezi wa tatu, naye hayupo, na mtaa mzima ulisema huyu alimtupa mama, hata salamu hakuleta. Maneno hayo yalimchoma. Alitaka kijiwe kikubali, mbele za watu, kwamba mwenye kosa ni posta.

— Uholanzi, omera, ndugu yangu, barua ukiitumbukiza Jumatatu, Jumanne iko mlangoni! Mtu wa posta na baiskeli yake, mvua, theluji, anakuja tu. Huku je? Sanduku moja la posta la kanisa, vijiji vitatu!

— Huku wanazifungua, alisema Maduhu. Wanatafuta dola. Wahenga walishasema, mficha uchi hazai.

— Mura, kijana, hujui kitu! Mzee Heche alimkata. Hazifiki hata za kufunguliwa. Tangu dhahabu itoke, mbeba barua gani yuko kazini? Wote wako mashimoni. Barua kazimwaga njiani, gunia kabebea mawe.

— Na alizozimwaga? Maduhu aliuliza.

— Zimevuka mpaka wa Sirari. Kule akina mama Okech wako mia. Saa hizi kuna mmoja anasoma salamu za mwana wa mwenzake, analia. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Kijiwe kiliangua kicheko. Okech hakucheka, ila moyo ulimtulia kidogo. Posta ilikuwa imeshatiwa hatiani, na yeye hakuna aliyemuuliza kitu.

Ndipo akaja Dorah, binti wa jirani yao kule kijijini, akiwa na chupa ya kuchukulia kahawa. Alimwamkia mzee, kisha akamgeukia Okech.

— Shikamoo, kaka. Mimi ndiye niliyekuwa namwandikia mama barua zake kwako. Zilikufikia?

— Zote saba! Okech alijibu kwa majivuno, kabla hajafikiri. Kule hakipotei kitu, si nawaambia hawa?

— Afadhali. Maana mama kanisani hakukosa, akiingoja ya kwako. Si unajua majina ya wenye barua yanasomwa mara moja tu baada ya misa, usipoitika inarudishwa mjini. Hata alipovimba miguu, tukamwambia twende hospitali ulazwe, akakataa. Akasema, nikilazwa Jumapili itanipita, jina langu litasomwa nisiwepo, barua ya mwanangu irudishwe.

Maduhu alishusha kikombe. Okech aliona aibu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke. Kila mwaka alijiambia ataandika akipata la maana la kusema.

— Sasa ya kwako, kaka, ulituma lini? Dorah aliuliza, bila ubaya wowote. Nitajie mwezi tu, nimwambie katekista aitafute.

Mzee Heche aliinama akafunga kamba za viatu. Miaka sita ina miezi sabini na miwili, na Okech hakuwa na hata mmoja wa kutaja.