Mkungu Hauna Shemeji: Bi Mwaija Anahama Kiwanja

Bi Mwaija Mtoro amestaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Kambi ya Mkunguni, hapa Bagamoyo upande wa Mbegani, kwa miaka ishirini na miwili. Nasema "rasmi" kwa sababu ambayo wafanyakazi wenzangu wanaijua, na wageni waalikwa wataijua kabla pilau haijafika mezani.

Kwa wasioijua kambi yetu, hapa hulala watu wanaosafiri na nyumba zao. Magari-nyumba, yaani yale yenye kitanda, jiko na hata choo ndani yake, hutoka Nairobi, Cape Town na hata Ulaya, yakatufikia yakiwa na vumbi la nchi saba. Kila gari hupewa kiwanja chake cha kuegesha na kulala. Viwanja viko kumi na viwili, na kumi na kimoja kati ya hivyo ni vizuri. Kilichobaki kiko chini ya mkungu mkubwa, penye kivuli, upepo na bahari mbele. Hicho si kiwanja kizuri. Hicho ni fitina.

Bi Mwaija, mzaliwa wa mji mkongwe wa Bagamoyo, aliingia kambini kama mfuaji wa mashuka. Siku hizo utaratibu ulikuwa mmoja tu: aliyewahi ndiye aliyepata, na aliyepata hakutoka. Watu wazima, wenye wajukuu, walidamka alfajiri kuweka taulo chini ya mkungu. Wapo waliosimamisha ndoo. Mmoja aliacha ndara, tena ya mguu wa kushoto peke yake, akaenda mjini kununua samaki akiwa na imani kamili.

Mambo yalibadilika kwa ajili ya kiti. Mgeni mmoja alikwenda Saadani kutazama tembo, akaacha kiti cha kukunja chini ya mkungu kimshikie nafasi. Kiti kikastarehe kivulini siku nzima, na jirani yake, kwenye jua kali, familia moja ya Moshi ilikuwa ikiwapepea mapacha wachanga kwa kipande cha boksi. Bi Mwaija aliacha mashuka kwenye kamba, akachemsha chai, akakimiminia kile kiti kikombe. Akakisalimu. Akakiuliza kimetoka wapi na kinategemea kulala siku ngapi. Sisi tulidhani jua limemwingia kichwani. Alisubiri jibu kwa adabu zote, na lilipokosekana alikibeba kiti pamoja na chai yake mpaka nyuma kabisa, karibu na pampu ya maji, kisha akawaita wale wenye mapacha waje kivulini.

Mgeni aliporudi alikuta kiti chake kimekaa na pampu, kikombe mbele yake, chai imepoa. Akaegesha gari palepale. Bwana Mikdad, mmiliki wa kambi, alicheka mpaka akakohoa, na wiki ileile akampa Bi Mwaija cheo cha mgawa viwanja. Alimwekea na kiti cha mbao upande wa pili wa shina la mkungu, kinachotazama lango, na sheria ya kwanza ikawa imepatikana: kitu kisichoweza kuitikia salamu hakishiki nafasi ya mtu.

Ikabaki kazi ya wale wanaoitikia salamu vizuri sana lakini hawahami. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu husema hivyo kwa utani. Bi Mwaija alikwenda dukani kununua jembe.

Wa kwanza kukabidhiwa walikuwa mume na mke wa Kiholanzi, waliokuwa wameshafunga chini ya mkungu kamba ya nguo, bembea na kengele ya mlangoni. Siku ya tatu asubuhi Bi Mwaija aliwapelekea jembe, akitarajia wataona haya na kufungasha. Hawakuona haya. Walidhani ni burudani ya kambi, wakauliza kama lipo la pili. Wakalima nyuma ya pampu mpaka adhuhuri, wakiimba. Mtu mwingine angekata tamaa. Bi Mwaija aliwapa mbegu za mihogo, akawasifu, halafu akawaeleza kwa masikitiko kwamba shamba lisilolindwa ni la tumbili, na kwamba kwa desturi za kwetu mwenye shamba hulala karibu na shamba lake. Kufika alasiri walikuwa wamehama wenyewe, na kengele yao, wakakaa nyuma wiki nzima wakiwafukuza tumbili kwa mfuniko wa sufuria. Walipoondoka walilia.

Hivyo ndivyo kambi ilivyopata shamba la mihogo. Mihogo ya nazi mtakayokula leo ililimwa na Mjerumani, ikapaliliwa na walimu wawili wa Arusha na ikalindwa na daktari wa meno kutoka Pretoria. Mpishi wetu, Bi Nadhira, ameongeza nazi tu.

Sheria ya jembe ilipata mtihani mkubwa mara moja. Shemeji yake Bwana Mikdad aliagiza gari-nyumba jipya, refu kama ghala la korosho, akaja nalo kutoka Dar, akalitia chini ya mkungu kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kiasi kwamba tuliuokoa mti kwa dua. Siku ya pili jioni Bwana Mikdad alimwita Bi Mwaija pembeni, akamweleza kwamba shemeji ni shemeji, hivyo jembe lipumzike kidogo. Alimkumbusha pia, kwa sauti ya chini, kwamba wafuaji wa mashuka siku hizi ni adimu. Wote tulielewa maana yake. Asubuhi Bi Mwaija alifika na majembe mawili. La kwanza alimpa shemeji. La pili alimpa Bwana Mikdad, kwa kuwa ndiye aliyemkaribisha.

Maneno aliyoyasema asubuhi ile tumeyachora ukutani mapokezi: "Mkungu hauna shemeji."

Bwana Mikdad alilima. Ni muungwana, na leo atawaonyesha kiganja chake akiombwa. Hakumrudisha Bi Mwaija kwenye mashuka, na shemeji akawa mlinzi hodari wa tumbili, ingawa alikuwa anawafukuza kwa honi.

Mengine aliyotufundisha ni mengi. Hakuna dereva aliyeruhusiwa kuzima gari kabla ya kupiga hodi kwa majirani wa pande zote mbili na kukaribishwa, na kama jirani ni mti, basi mti. Mimi, fundi wa umeme na pampu, nilikuwa na ugomvi naye mmoja tu wa kudumu. Kila alipohamisha gari, waya wangu wa umeme ulihama nalo, na yeye aliketi akisema "vuta kidogo, mwanangu" mpaka waya ukanyooka kama nia yake. Nimevuta kidogo kwa miaka kumi na minne, na mgongo wangu unamsalimu.

Sasa nirudi kwenye lile neno "rasmi".

Tarehe 30 Juni tulimuaga kwa chai na vitumbua. Alikabidhi jembe kwa Ashura Salumu, ambaye amekaa mapokezi miaka sita na ndiye aliyeteuliwa kushika nafasi yake. Alitueleza tena habari za shamba lake la mananasi kule Kiwangwa, ambalo kila mwaka alisema ataenda kulishughulikia na kila mwaka magugu yalimshinda kwa kutokuwepo kwake. Tukakumbatiana. Kesho yake asubuhi alikuwa ameketi kwenye kiti chake chini ya mkungu, akigawa viwanja.

Tulijua ni mazoea, tukamwacha. Siku ya pili akaja tena. Ashura akawa anasimama kando ya kiti. Wageni walimsikiliza Ashura, wakamshukuru, halafu wakamgeukia Bi Mwaija kuuliza kama ni kweli. Msimu wa wageni ndio huo unaanza, na sote tuliona kwamba ikiendelea hivyo Ashura hatakuwa mgawa viwanja kamwe. Atakuwa mtu anayesimama kando ya kiti. Lakini nani amwambie? Bwana Mikdad alisema anasubiri simu. Bi Nadhira akaanza kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Mimi nilikwenda kutazama pampu, ambayo ilikuwa nzima.

Jioni hiyo, wakati wa kwenda nyumbani, Bi Mwaija alifanya jambo ambalo sikutegemea kuliona. Alivua kanga yake ya begani, akaitandaza juu ya kiti ili imshikie nafasi. Jina la kanga lilisomeka vizuri kabisa: NILIPOKETI PANANITOSHA.

Siku ya tatu alifika kama kawaida yake. Kanga ilikuwa palepale. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai, kinafuka moshi. Kando ya kikombe, limeegemezwa kwenye shina la mkungu, jembe. Ashura alikuwa amesimama hatua chache nyuma, akitazama chini, maana binti huyu Bi Mwaija amemlea kikazi kama mtoto wake.

Bi Mwaija alitazama kanga, akatazama chai, akatazama jembe. Hata wageni wa kiwanja cha jirani waliacha kupiga mswaki.

"Hata mimi, Ashura?"

"Shikamoo, Bi Mwaija. Mkungu hauna shemeji."

Hapo macho yangu yaliingiwa na kitu, na waliokuwepo wanajua hakikuwa vumbi. Bi Mwaija aliitikia marahaba. Aliinama, akainua kikombe, akanywa chai yote akiwa amesimama, akasema sukari haikutosha. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake kinachoanzia mabegani, akaikunja kanga akamvika Ashura. Jembe akaliweka begani. Alipopita langoni alinipungia mkono bila kugeuka, na jioni tulipata habari kwamba yuko Kiwangwa na ameshakata magugu ya mistari miwili. Ashura aliketi kwenye kile kiti, akalia kidogo, akagawa viwanja vinne kabla ya adhuhuri.

Bi Mwaija, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Mkunguni, ahsante. Umetufundisha kwamba kivuli ni cha zamu, na ulipofika wakati wa zamu yako kwisha, umeondoka kwa miguu yako. Tunakutakia afya, umri mrefu, mananasi manene na tumbili wachache. Ukitukumbuka, njoo upige hodi, Ashura ataitikia. Kiwanja cha mkungu tutakuwekea.

Siku mbili.

Twalha Bwanausi
Fundi wa Kambi