Samaki Asiyeuzwa: Maisha ya Kaka Brashi

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa mwisho wa kike, yule aliyenuniana naye karibu miaka minne kwa sababu ya samaki. Kabla ya yote anataka mjue kwamba walipatana. Sasa atasoma vizuri.

Kaka, ambaye wengi mlimwita Brashi hata kwenye cheti cha hospitali, alizaliwa Jumanne tarehe 4 Machi 1958, nyumba ya tatu kutoka darajani, mtoto wa kwanza wa mwendesha mashine ya kusaga na mkunga. Wadogo wanne walimfuata.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1965 hadi 1971. Hesabu zilimpiga chenga. Mwalimu mkuu alimtoa nje siku moja aandike majina ya madarasa juu ya milango, akabaki huko muhula mzima, kwa kuwa kila herufi aliipa kivuli chake. Mama alipoitwa shuleni alisema, "Mwacheni, angalau huko hapigani."

Mwaka 1974 alifungua kibanda cha rangi. Mabango ya vinyozi, namba za malori, mishale ya kuelekeza choo, vyote vilipita mikononi mwake. Fundi cherehani mmoja alimwagiza bango, akaandikiwa FUNDI CHEHERANI. Brashi akarudi kulirekebisha, akakosea pengine. Mara ya tatu fundi huyo, binti wa watu, alimwambia, "Wewe, sema unachotaka kabla hujanimalizia wateja." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Agosti 1986, wakajaliwa watoto watatu.

Halafu mvua zikaharibika. Mto uliokuwa ukiishia bustanini ulifika barazani, kisha ukazoea kuingia sebuleni bila hodi. Kila maji yalipopungua, Brashi alichukua tepu ya kupimia ya mkewe, akapima alama ya tope ukutani, akaandika daftarini. Mwaka 2019 akaanza kuchora samaki kwenye kuta za mtaa, tumbo la kila samaki likiwa pale alipoamini maji yatafika. Alisema, "Redioni wakitaja mabadiliko ya tabianchi, mtu anabadili stesheni. Samaki wa ukutani kwako utambadilishaje?"

Juni mwaka huo alimchorea mdogo wake huyu. Samaki mkubwa wa buluu, ukuta wa mbele, usawa wa paji la uso la mtu mzima. Binti wa nyumba hiyo alikuwa amejifungua wiki ileile! Mdogo mtu akafoka, "Unanichuria nyumba na kichanga kimo ndani! Usikanyage hapa tena." Akapaka chokaa. Aliporudi kutoka sokoni, samaki amechorwa upya. Akapaka tena, samaki akarudi tena, mpaka chokaa ikamwishia.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mtaani kwetu samaki akichorwa ukutani, maana yake anauzwa. Wapita njia wakawa wanabisha hodi.

"Mama, samaki wapo?"

"Si wa kuuza. Ni maji yatakapofika."

"Hee! Hapo juu?"

"Kaka yangu amepima."

Aliyasema hayo asubuhi na jioni, miaka mitatu na ushee, kwa hasira. Januari 2023 akaja mwanamke ameshika bakuli, akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa mama, kama maji yatafika hapo, wewe unakaa humu kwa nini?" Wiki ileile mdogo wa Brashi akaanza kuulizia vyumba.

Februari wakahamia vyumba vya kupanga mlimani, watu kumi na mmoja. Kaka hakuambiwa. Dada mtu aliona haya, basi.

Brashi mwenyewe alikuwa akiugua mapafu tangu Novemba 2022, amelazwa kitanda cha dirishani. Tarehe 18 Aprili 2023, saa nne asubuhi, maji yalikuja na kubeba daraja. Muuguzi anasema alikataa kula siku mbili, akiuliza kila aliyepita, "Wa kwa mdogo wangu wametoka?" Hakuna aliyejua. Mdogo wake alizunguka kwa miguu, akafika tarehe 20, matope mpaka magotini. Kaka alipomwona mlangoni alilia kwa sauti, jamani, mpaka wodi nzima ikageuka.

"Uko hai?"

"Niko hai, kaka. Wote wako hai. Tulihama tangu Februari."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuwa nakuonea haya. Nisamehe."

"Maji yalifika wapi?"

"Jichoni mwa samaki."

"Nilikosea," akasema. "Nilipimia tumbo."

Akaomba chakula, akamaliza sahani.

Alifariki Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Pumzi iliyomsumbua miezi saba ilimwachia taratibu. Familia inalia, ila inasema bila kificho kwamba imepata nafuu moyoni: hateseki tena, na aliondoka anajua.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na wadogo wanne. Kwa kawaida orodha huishia hapo. Mdogo wake ameomba iongezwe: ameacha na watu kumi na mmoja waliopaswa kuwa wamekufa tarehe 18 Aprili. Wako safu ya pili. Simameni, tafadhali, hata wewe mtoto, simama juu ya benchi watu wakuone.

Sasa kaka apumzike.